Pampu Hununuliwa Mwisho

Ukichimba shimo kubwa kwenye kiwanja chako Kolwezi, jirani hatakuuliza kama unataka kuogelea. Atakuuliza umepata nini. Mji huu haujasahau Kasulo: mwaka 2014 zilienea habari kwamba mtu aliyekuwa akichimba nyumbani kwake mtaani humo alikutana na jiwe la kobalti, na haukupita muda watu wakawa wanatoboa sakafu za vyumba vyao vya kulala. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, wakazi wakahamishwa, uchimbaji ukakabidhiwa kampuni ya Congo Dongfang Mining. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja alipoanza kuchimba shimo la mita 8 kwa 4 nyuma ya nyumba yake, wanaume wa jirani walipita mmoja mmoja kuangalia rangi ya udongo. Walikuta udongo mwekundu uleule wa siku zote, na mzee amechuchumaa ukingoni akichora mistari kwa chokaa.

Kila mtu humwita Papa, nami nitamwita hivyohivyo. Ni mzaliwa wa upande wa Musumba, mji wa Mwant Yav huko Kapanga. Wageni waliofika kwenye mji huo wa wafalme wa Walunda katika karne ya 19, kama Mjerumani Paul Pogge mwaka 1875 na baadaye Mreno Henrique de Carvalho, walikuta makao yaliyopangwa kwa utaratibu, kila mkuu na mahali pake. Na mfalme mpya alipohamia penginepo, mpango ulihama naye. Nilimtania Papa kwamba ndiyo maana hawezi kuona ardhi tupu asiichoree mistari. Hakucheka. Alikuwa anahesabu.

Ufundi wake hakuupata Musumba bali Luilu, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1960 na ambacho Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikirithi kutoka Union Minière. Mabomba mengi ya pale hayabebi maji ya kunywa. Yanabeba tindikali ya salfa iliyoyeyusha shaba, na kiungo kikivuja hakiishii kulowesha sakafu, kinaunguza mtu. Mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipoondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, Papa alikuwa mmoja wao. Wenzake wengine walifungua maduka, wengine wakashuka mashimoni. Yeye alibaki na mabomba, akahama kutoka tindikali hadi vyoo, matangi ya juu ya paa, visima, na sasa, kwa kuwa mji una fedha mpya, pisini, yaani mabwawa ya kuogelea.

Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuona pampu dukani, ya nguvu farasi 2, inang'aa, na alitaka kuilipia siku ileile isije ikachukuliwa na mwingine. Papa alimzuia. “Patroni, pampu ni ya mwisho. Kwanza tujue mayi ni ngapi, na itapita wapi.” Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia kwa makini, kwa sababu karibu kila niliyewahi kumwona akijenga bwawa alianza na pampu, halafu akatafuta mabomba ya kuitosha, halafu akashangaa kwa nini inalia.

Papa huanza na maji yenyewe. Mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5: hizo ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Maji yote hayo yapite kwenye chujio mara moja kila saa 6. Gawanya, unapata mita za ujazo 8 kwa saa. Namba hiyo aliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma, kubwa, na kila kilichofuata kiliamuliwa nayo.

Kilichofuata ni unene wa tiyo, yaani bomba. Mafundi wengi wa hapa wangetandika bomba moja la milimita 50, wakaunganisha midomo yote ya kuvuta kwa viungo vya T chini ya ardhi, wakafukia. Bomba hilo kwa ndani lina nafasi ya kama milimita 45, na mita za ujazo 8 kwa saa zikipita humo hukimbia karibu mita 1.4 kwa sekunde. Si mwendo wa hatari, vitabu vinaukubali. Lakini Papa haupendi. Akiweka bomba la 63 maji yaleyale hupita kwa chini ya mita 0.9 kwa sekunde, na nguvu inayopotea kwa msuguano inashuka chini ya theluthi moja. Kuongeza kidogo tu upana wa bomba huleta unafuu mwingi kuliko macho yanavyodhani, na kuujua ukweli huu kwa mikono, bila kompyuta, ni nusu ya kazi yake. Alinionyesha kwa kidole: kutoka shimoni hadi chumba cha mitambo ni mita 12 tu, lakini maji huzipita mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, na kila siku mwenye nyumba atalipia zile kona alizozibana siku moja.

Kona ndizo zinazomkera zaidi. Kude ya digrii 90, kwake, ni njia ya mtu mwenye haraka. Mahali pa kude moja ya 90 anaweka mbili za 45 na kipande kifupi cha bomba katikati, maji yapinde bila kujigonga. Na mbele ya mdomo wa pampu hataki kona yoyote: anaacha bomba lililonyooka lenye urefu usiopungua mara tano ya unene wake, na akipata nafasi huongeza, ili maji yakifika kwenye panga la pampu yawe yametulia. Kijana wake wa kazi aliuliza kama sentimita 40 zile si nafasi ya bure, kwa kuwa chumba ni kidogo. “Apana, mwanangu. Hapo mayi inapumua.”

Sasa hicho chumba. Kolwezi iko juu, kiasi cha mita 1,400 na ushee kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Watu husahau kwamba pampu haivuti maji. Inaondoa hewa mbele yake tu, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pwani, kule Mombasa au Dar es Salaam, uzito huo unaweza kwa hesabu kuinua maji hadi mita 10.3. Huku kwetu ni kama mita 8.7. Hakuna mtu anayefika kwenye kikomo hicho kwa bwawa la nyumbani, lakini pampu iliyowekwa juu ya usawa wa maji, yenye bomba jembamba na kona nyingi, Kolwezi huchoka mapema kuliko ndugu yake wa pwani. Umeme ukizimika, hewa inaingia, maji yanarudi shimoni, na umeme ukija pampu inazunguka kavu hadi sili yake inaungua. Na umeme wa huku huzimika, ingawa mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yako jirani tu, kwenye mto uleule wa Lualaba, tangu miaka ya 1950. Basi Papa alichimba chumba nusu ardhini, pampu ikae chini kidogo ya usawa wa maji, ijae yenyewe bila kusaidiwa. Gharama ya uamuzi huo anaijua: ukifungua kikapu cha pampu bila kufunga vali, bwawa zima linataka kuhamia chumbani. Kwa hiyo kila bomba linaloingia lina vali yake, na sakafu ina mteremko na tundu la kutolea maji, kwa sababu mvua za Oktoba hadi Aprili nazo zitataka kuingia humo.

Upepo nao una sehemu yake kwenye plani, jambo ambalo sikulitegemea. Wakati wa kiangazi hapa upepo huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na huleta majani makavu, majivu ya nyasi zilizochomwa, na ile vumbi nyekundu ya malori ambayo kila mama wa Kolwezi anaifahamu kwa nguo zake zilizoanikwa kambani. Papa aliweka skima mbili, midomo ya kuvuta maji ya juu, upande wa kaskazini-magharibi, ambako upepo wenyewe utasukuma takataka, na midomo mitatu ya kurudishia maji upande wa pili, imeelekezwa ili isaidiane na upepo badala ya kupigana nao. Kanuni ya skima moja kwa kila mita 25 za mraba ingempa moja na kidogo. Alipandisha hadi mbili. Kila skima ina bomba lake la 50 hadi chumbani, na matundu ya chini yana lao. Yakifika mbele ya pampu ndipo yanakutana katika bomba la 63. Ikitokea siku moja bomba moja linavuja au skima moja inavuta hewa, unafunga vali yake na kuendelea na zilizobaki, bila kuvunja zege kutafuta.

Kwenye matundu ya chini hakuruhusu majadiliano. Mwenye nyumba alikuwa ameona picha za bwawa lenye tundu moja katikati. Papa alitaka mawili, yaachane zaidi ya sentimita 90, yaunganishwe sawasawa kwenye T moja, na vifuniko vyake viwe vya mbinuko, visivyoweza kuzibwa na mwili. Tundu moja likizibwa na mgongo au nywele za mtoto, pampu yote inamvuta yeye. Mwaka 2002 huko Marekani msichana wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa waziri wa zamani James Baker, alikufa akiwa amenaswa hivyo na tundu la beseni la maji moto, na sheria iliyopitishwa Desemba 2007 ina jina lake. Papa hajui jina hilo. Alichokijua ni nguvu ya mvuto, ameiona Luilu ikinasa glavu, na hilo lilimtosha.

Kuna siku nilikaa kwenye tofali nikamtazama akiunganisha bomba, na nadhani mtu angeweza kulipa kiingilio. Anachukua karatasi, anaizungushia bomba hadi kingo zake mbili zikutane barabara, anapiga mstari wa penseli kuifuata: hivyo anajua kwamba msumeno utakata wima. Akishakata, anaondoa nywele za plastiki kwa kisu, ndani na nje, na kulainisha ukingo kwa msasa. Anaingiza bomba kavu kwenye kiungo, anaweka alama ya kina kilipofika, anachomoa. Anafuta pande zote mbili kwa dawa ya kusafishia. Gundi anaipaka kwa uchache, zaidi kwenye bomba kuliko kwenye kiungo, ili isisukumwe ndani ikaganda njiani mwa maji. Halafu anasukuma kwa robo ya mzunguko, mpaka alama ya penseli, na anashikilia. Anashikilia tu. Kijana wake alikuwa amejifunza kuachia mara moja, na bomba lilikuwa likirudi nyuma milimita chache bila yeye kuona. Papa alimwonyesha alama ya penseli iliyojitokeza tena, akakata kiungo kile chote, akakitupa. Fundi mwingine angesema kitashika. Pengine kingeshika.

Chujio lilikuja na hesabu yake. Ni pipa la mchanga la kipenyo cha sentimita 60. Kwa mita za ujazo 8 kwa saa, maji hushuka ndani yake kwa utulivu, na mchanga hushika vizuri zaidi kinachopita polepole. Lakini Papa alinipa upande wa pili: mchanga huo utaoshwa kwa kugeuza maji yapande kutoka chini, na kuuinua mchanga kunahitaji maji ya kasi. Pipa likiwa kubwa mno kwa pampu yako, linachuja vizuri ajabu na halioshiki kamwe. Uchafu unabaki humo unaganda. Sentimita 60 ndiyo aliyoiona kuwa mwisho wa ukubwa, na wakati wa kuosha atafunga vitu vingine vyote ili pampu itoe kila ilichonacho. Hata hivyo mchanga peke yake hauiwezi vumbi ya Kolwezi iliyo laini kuliko unga. Hapo atatumia shabu: unaiyeyusha, unaitia jioni, asubuhi vumbi imeshikana na kulala chini, unaifyonza na kuitupa nje bila kuipitisha kwenye mchanga.

Mwenye nyumba alitoa wazo lake pia. Huku shaba haina adabu ya kukosekana. Kwa nini asitie mrututu kuzuia mwani wa kijani? Ni kweli mrututu unaua mwani, na duniani kote kuna dawa za mabwawa zilizotengenezwa kwa shaba. Lakini shaba haiondoki maji yanapokauka. Inabaki, inaongezeka, inachora madoa kwenye kuta, na nywele nyeupe za wageni zinageuka kijani. Papa alijibu kwamba miaka yake yote Luilu ilikuwa kazi ya kuitoa shaba kwenye maji, na sasa hataki kulipwa kuirudisha. Klorini, na pH kati ya 7.2 na 7.6, basi.

Shaba ilirudi kwa mlango mwingine, kwenye waya za mota. Pampu iliponunuliwa hatimaye ilikuwa ya nguvu farasi 0.75, chini ya nusu ya ile iliyomvutia mwenye nyumba, na ya aina inayobadilishwa mwendo. Kwa maji mengi kiasi kile na mabomba mapana yale, haihitaji zaidi. Ukiipunguzia mzunguko hadi nusu, maji yanapungua nusu, lakini umeme kwa hesabu unashuka hadi sehemu moja ya nane. Ndiyo maana Papa anataka izunguke taratibu saa nyingi, hasa mchana ambapo jua linalisha mwani na paneli za sola kwa wakati mmoja. Inawezekana kabisa kwamba shaba ya mota ile ilitoka kwenye udongo wa mkoa huu, ikapita mpaka wa Kasumbalesa kama bamba, ikarudi kwa barabara ileile ndani ya boksi. Hilo lilinifurahisha mimi kuliko lilivyomfurahisha yeye.

Nikiri kwamba kuna kitu kilinisumbua. Lita 48,000 ni bido 2,400 za lita 20, na nje ya ukuta uleule nimeona akina mama wakipanga foleni na bido zao za njano. Sina namna ya kulipamba hilo. Ila nilivyozidi kutazama ndivyo nilivyoona kwamba mabomba mazuri ndiyo heshima pekee ambayo bwawa linaweza kuyapa maji hayo: bwawa lililopangwa ovyo humwagwa na kujazwa upya kila likigeuka kijani, lililopangwa vizuri hukaa na maji yaleyale miaka. Kupungua kuna hesabu yake pia. Kiangazi maji yakishuka milimita 5 kwa siku, ni lita 160, bido 8. Ili kujua kama ni jua au ni bomba linaloiba, Papa huweka ndoo ya maji juu ya ngazi ya bwawa, usawa wa ndani na wa nje ukiwa mmoja; kesho yake, kama bwawa limeshuka kuliko ndoo, anatafuta mvujo.

Na kumwaga kwenyewe si jambo la kawaida. Chini ya sakafu alitandaza kokoto, na pembeni akasimamisha bomba pana linalofika hadi kwenye kokoto hizo. Masika, maji ya ardhini yakipanda chini ya bwawa lililo tupu, zege lote linaweza kuinuliwa likapasuka. Kwa bomba lile unashusha kamba yenye jiwe na kusikia kama kuna maji kabla hujathubutu kufungua chochote.

Kabla ya zege alijaza mabomba yote maji, akaziba midomo, akayapandisha hadi bari 2 na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi sindano ya geji ilikuwa pale pale. Hata hivyo hakuruhusu mchanganyiko umwagwe hadi alipopiga picha kila mtaro, utepe wa kupimia ukiwa umenyooshwa kando ya bomba, na sindano aliagiza ibaki ikisomwa wakati wafanyakazi wanamwaga, kwa kuwa ni sepeto la mtu mmoja linalotosha kutoboa kazi ya wiki. Mwenye nyumba aliuliza kwa nini mabomba ya 63 yameongeza bei. Kwa taa za rangi za chini ya maji, ambazo ziliongeza zaidi, hakuuliza.

Siku ya kuwasha, wenye nyumba walikuwa ukingoni wakipiga picha. Papa alikuwa chumbani na mlinzi wa zamu, kijana aliyeajiriwa kulinda geti, kwa sababu anajua ni nani atakayeishi na mitambo hii. Alikuwa amepaka kila vali rangi: bluu kwa skima, nyekundu kwa matundu ya chini, njano kwa kurudisha, na kwenye geji ya chujio akapiga mstari wa wino pale sindano ilipokaa mchanga ukiwa safi, na mwingine juu yake kidogo, wa kuosha. “Ikifika hapa unafanya nini?” Kijana akaushika mkono wa vali ya njia sita. Papa akaushika mkono wake. Pampu ilikuwa bado inazunguka, na vali ile ikigeuzwa hivyo hukata mpira wake wa ndani. “Unazima kwanza. Halafu unageuza. Halafu unawasha. Anza tena.” Kijana akaanza tena, akazima, akageuza, akawasha, maji machafu yakatoka kwenye bomba la kutupia kuelekea shimo la kunyonya, na Papa akamwambia azime, arudishe, aanze tena.